Kwa Nini Mlima Kenya Hauwezi Kuota Ndani ya Minecraft

Asubuhi moja ya Januari, kabla vumbi na moshi wa Nairobi havijapanda, mpwa wangu aliniita juu ya paa la jengo tunamoishi, palipo na kamba za kuanikia nguo, ili anionyeshe kitu ambacho yeye hakuwahi kukiona na ambacho mimi nilikuwa nimeacha kukitafuta. Upande wa kaskazini, nyuma ya matangi ya maji na minara ya simu, Mlima Kenya ulikuwa umesimama wazi, zaidi ya kilomita 100 kutoka tulipokuwa, na meno yake yalikuwa na weupe mwembamba. Tuliutazama mpaka mawingu yakaufunika, na hayo hayakuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai.

"Mjomba," akaniuliza tulipokuwa tukishuka ngazi, "huu mlima tunaweza kuupata ndani ya Minecraft?"

Nilimjibu kwamba bila shaka tunaweza. Nilikuwa na hoja yangu: dunia ya mchezo huo imetanda hadi bloku milioni 30 kutoka katikati kwenda kila upande, na kila bloku ni mchemraba wenye upande wa mita 1, kwa hiyo nchi yenye ukubwa wa namna hiyo haiwezi kukosa hata mlima mmoja wenye theluji kileleni na savana miguuni. Ilituchukua wikendi nne kutambua kwamba nilikuwa nimemdanganya mtoto wa dada yangu, na kwamba kilichotukwamisha hakikuwa bahati mbaya, bali kanuni iliyoandikwa ndani ya programu yenyewe. Kanuni hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu wengi wanaocheza mchezo huu kila siku, wakiwemo watu wazima wenzangu ambao hawapendi kukiri, hawajui jinsi nchi zake za joto na za baridi zinavyopangwa.

Kwa asiyeufahamu, Minecraft ulianzishwa Uswidi na Markus Persson, ukatolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2009, na toleo lake kamili likafuata Novemba 2011. Hauna mwisho wala mshindi. Mchezaji hupewa dunia mpya, akachimba, akajenga, akalima na kufuga anavyopenda. Dunia hiyo imegawanywa katika kanda ambazo wachezaji huziita bayomu, na kila bayomu ina mimea yake, wanyama wake, rangi yake ya majani na hali yake ya hewa. Jangwa ni bayomu, savana ni bayomu, na msitu wa misonobari wenye theluji ni bayomu nyingine.

Zamani kanda hizo zilipangwa ovyo zaidi, kiasi kwamba mtu aliweza kusimama juu ya mchanga wa jangwa na kutupa jiwe likaangukia kwenye barafu. Toleo la 1.7.2 la tarehe 25 Oktoba 2013 lilijaribu kuleta adabu kwa kuweka bayomu katika makundi ya joto, ili la moto lisigusane na la baridi kabisa. Mfumo tulio nao leo, hata hivyo, ulikuja na toleo la 1.18 la tarehe 30 Novemba 2021, na huo ndio unaostahili kuelezwa kwa utulivu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba tabianchi ya mchezo huu haitokani na jua. Jua lipo, tena huchomoza mashariki kila baada ya dakika 20, ambazo ndizo siku nzima ya huko, lakini hupita utosini mahali popote ulipo na halimpi mtu joto lolote. Hakuna ikweta wala ncha za dunia. Ukitembea kwenda kaskazini kwa mwezi mzima hutasikia baridi ikiongezeka kwa sababu ya kwenda kaskazini. Hakuna pia upepo unaobeba unyevu kutoka baharini, ingawa mawingu huelea kuelekea magharibi kama pambo, na ingawa kuna bayomu moja ya vilima ambayo jina lake rasmi linadai kwamba vinapigwa na upepo.

Mahali pa jua na upepo, mchezo umeweka ramani za nambari. Waandishi wa programu huziita noizi, yaani nambari zinazopanda na kushuka polepole kutoka mahali hadi mahali bila kuruka ghafla, kama mgongo wa vilima vya Ngong unavyoonekana ukiutazama kutoka mbali. Ramani hizo hukokotolewa kutokana na nambari moja iitwayo mbegu ya dunia. Ya kwanza ni ya joto na ya pili ni ya unyevu. Ya tatu naiita ubara, kwa kuwa hueleza kama upo baharini, pwani au bara kabisa. Ya nne ni ya mmomonyoko, ambayo husema kama nchi imesawazishwa au bado ina miinuko mikali. Ya tano waliipa jina linalomaanisha uajabu, na kutokana nayo hupatikana vilele na mabonde. Kipimo cha sita ni kina, ambacho kazi yake kubwa ni kutenganisha bayomu za juu ya ardhi na zile za mapangoni. Henrik Kniberg, mmoja wa waliotengeneza mfumo huo, ameueleza hadharani kwa michoro inayoeleweka, na nakiri kwamba ilinibidi kuitazama mara mbili.

Kila mahali, basi, pana majibu sita. Mchezo huyachukua majibu hayo na kutafuta bayomu ambayo maelezo yake yanakaribiana nayo zaidi kuliko nyingine zote, mfano wa karani anayepokea fomu iliyojazwa na kutafuta faili inayofanana nayo. Anayecheza kwenye kompyuta kwa toleo la Java anaweza kubonyeza kitufe cha F3 na kuyasoma majibu hayo yakibadilika anapotembea. Katikati ya msitu wa maandishi yanayojitokeza, kuna herufi T kwa ajili ya joto na H kwa ajili ya unyevu, kila moja ikiwa na nambari kuanzia 0 hadi 4. Mpwa wangu alipogundua herufi hizo aliacha kuchimba dhahabu kwa siku mbili, akawa anatembea tu na kusoma.

Tukaandika jedwali letu nyuma ya daftari lake la hisabati. Katika nchi za bara zisizo na milima, T ikiwa 0 utakuta tambarare za theluji, na kadiri unyevu unavyopanda huja misonobari yenye theluji. T ikiwa 1 au 2 utakuta nyika za majani, misitu ya kawaida na ile yenye kiza, ingawa kuna kioja kimoja ambacho sijakipatia maelezo ya kuniridhisha: kwenye T ya 2, sehemu kavu kuliko zote ndiyo yenye msitu uliojaa maua. T ikiwa 4 ni jangwa tu, hata H ikisoma 4, kwa hiyo mtu anaweza kusimama mahali ambapo mchezo unapahesabu kuwa na unyevu wa juu kabisa na bado asione ila mchanga na dungusi kakati.

T ya 3 ndiyo iliyotugusa. Hapo H ikiwa 0 au 1 ni savana, ikiwa 2 ni msitu wa kawaida, na ikiwa 3 au 4 ni msitu mnene wa kitropiki wenye mianzi na kasuku. Kwa maneno mengine, joto limeshikiliwa palepale na unyevu peke yake ndio unaoongezwa, nawe unatoka kwenye migunga na kuingia kwenye miti mirefu iliyosongamana. Hiyo ni safari ya kutoka Kajiado hadi Kakamega, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Nilimwambia mpwa wangu kwamba T ya 3 ndiyo Kenya, na kwamba tukiifuata hiyo tutaupata mlima wetu.

Tuliupata mlima. Ulikuwa umeinuka kutoka kwenye savana nzuri yenye nyasi za kahawia na migunga iliyopinda, na kutoka mbali kilele chake kilikuwa na mistari myeupe iliyomfanya mtoto apige kelele mpaka mama yake akaja mlangoni kuuliza kulikoni. Tukaanza kupanda, F3 ikiwa wazi. Nimewahi kufika Lenana, kilele kimojawapo cha Mlima Kenya, kwenye mita 4,985, na nakumbuka jinsi mlima ule unavyokubadilishia nchi kila baada ya saa chache: mashamba ya chai, msitu, ukanda wa mianzi, kisha uwanda wa baridi wenye lobelia kubwa zinazosimama kama watu waliovaa makoti. Nikawa nasubiri mabadiliko ya namna hiyo, na zaidi ya yote nikawa naisubiri T ishuke. Bloku kumi, T ni 3. Bloku hamsini, T ni 3. Tulipokanyaga kilele T ilikuwa bado 3, na ile mistari myeupe haikuwa theluji. Yalikuwa mawe ya kalsaiti, ambayo mchezo huyachanganya na mawe ya kijivu kwenye bayomu iitwayo vilele vya mawe.

Maelezo yake ni mafupi, nayo yanauma. Ramani ya joto inayochagua bayomu ni bapa kama mkeka. Haina habari na urefu, kwa hiyo T iliyo mguuni pa mlima ndiyo hiyo hiyo iliyo juu yake moja kwa moja. Kisha ipo kanuni ya vilele: T ikiwa 0, 1 au 2, kilele kinapewa theluji na barafu, T ikiwa 3 kinapewa mawe matupu, T ikiwa 4 kinapewa udongo mwekundu uliokauka. Miteremko nayo hufuata mkondo huo. Kwenye nchi ya baridi au ya wastani utapita malisho yenye maua, kisha misonobari iliyofunikwa na theluji, kisha mteremko mweupe, na hapo mchezo unastahili sifa kwa sababu mpangilio ule unapendeza na unaaminika. Kwenye nchi ya joto ngazi hiyo imeondolewa. Mlima wa nchi ya joto katika Minecraft ni nchi ya joto iliyoinuliwa tu.

Mpwa wangu hakukubali haraka. Alikuwa na kumbukumbu sahihi kwamba kwenye dunia yetu ya zamani tulijenga nyumba kilimani na theluji ikaanguka kwenye ghorofa ya juu huku chini kukinyesha mvua. "Kwa hiyo urefu unahesabiwa, Mjomba," akasema, na alikuwa na haki. Hapa ndipo wachezaji wengi wanapochanganyikiwa, nami nilikuwa mmoja wao, kwa sababu mchezo una joto la aina mbili na zote mbili zinaitwa joto.

La kwanza ni lile la kwenye ramani, T, ambalo huchagua bayomu na kisha kazi yake inaisha. La pili ni nambari ambayo kila bayomu imebandikwa baada ya kuchaguliwa, na hiyo ndiyo inayotawala hali ya hewa: jangwa na savana zina 2.0, msitu wa kitropiki una 0.95, nyika za majani zina 0.8, taiga ya kawaida, yaani msitu wa misonobari usio na theluji, ina 0.25, tambarare za theluji zina 0, na vilele vya barafu vina -0.7. Nambari hii, ikishirikiana na ile ya mvua, ndiyo pia inayochagua rangi ya majani kutoka kwenye picha ndogo yenye umbo la pembetatu, na ndiyo sababu nyasi za savana zina rangi ya nyasi za Athi mwezi wa Februari ilhali za msituni zinang'aa kama mboga zilizotoka sokoni. Mahali ambapo nambari iko chini ya 0.15, kinachodondoka ni theluji badala ya mvua, na maji yaliyo wazi chini ya anga hugeuka barafu isipokuwa ukiweka mwenge karibu.

Joto hili la pili ndilo linaloujua urefu. Juu ya kimo cha Y 80 (Y ni nambari ambayo mchezo hupimia kimo) hupungua kwa 0.00125 kwa kila bloku unayopanda. Vile vilima vya upepo wa jina vina 0.2, kwa hiyo vikifika karibu na Y 120 vinavuka mpaka wa 0.15 na theluji inaanza; taiga huvuka kwenye Y 160. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa kwenye vilima hivyo. Tukachukua risiti ya supamaketi tukapiga hesabu nyuma yake kwa ajili ya vilele vya mawe, ambavyo nambari yake ni 1.0: ili kushuka hadi 0.15 zinahitajika bloku 680 juu ya Y 80, yaani kimo cha Y 760. Paa la dunia ya Minecraft ni Y 320. Mtoto aliitazama ile 760, akaitazama tena, akaikunja risiti na kuitia mfukoni kama mtu aliyepewa barua ya mahakama.

Katika dunia yetu hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, na ndiyo maana mji wetu, ulio karibu na ikweta lakini kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, huwavalisha watu makoti mwezi wa Julai wakati binamu zao wa Mombasa wanalala dirisha likiwa wazi. Mkenya hujifunza tabianchi kwa kupanda na kushuka kabla hajajifunza ramani. Anajua kwamba kutoka Naivasha hadi Kinangop ni kubadilisha sweta. Mchezo nao unalijua jambo hili, lakini umelipa nafasi ndogo mno, kama mgeni aliyekaribishwa akaishia kukaa kibarazani.

Nilipolifikiria zaidi nikakumbuka kwamba kosa hili lina wazee. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na Johann Ludwig Krapf akauona Mlima Kenya mwaka uliofuata, akiwa Ukambani. Walipoandika habari hizo, wapo wanajiografia waliokaa London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Wakamba na Wakikuyu walioishi wakiutazama mlima huo kila kulipokucha hawakuulizwa. Hoja ya Cooley kwa ufupi ilikuwa kwamba nchi ya joto ni nchi ya joto, na ramani ya joto ya Minecraft ina hoja hiyo hiyo, ingawa lazima nikiri kwamba mchezo hauna wajibu wa kufanana na Afrika Mashariki, na kwamba waliouandika walitaka nchi zinazotofautiana waziwazi kwa macho, si somo la jiografia.

Kuhusu mvua nina lawama kubwa zaidi. Katika Minecraft mvua huanza kwa dunia nzima kwa wakati mmoja. Anga hukaa kavu kwa muda wa kati ya dakika 10 na dakika 150, kisha inanyesha kwa dakika 10 hadi 20, kila mahali, isipokuwa kwenye bayomu zilizonyimwa mvua, ambako mawingu hukusanyika na hakuna tone linaloanguka. Mtu wa Nairobi, ambaye amezoea kupigiwa simu kutoka Karen kuambiwa kwamba kunanyesha huku yeye akiwa Embakasi anatafuta kivuli, hawezi kuiamini anga ya namna hiyo. Lakini linaloniudhi ni kwamba miongoni mwa bayomu zilizonyimwa mvua, pamoja na jangwa, imo savana.

Savana isiyonyeshewa kamwe! Maasai Mara nzima huishi kwa mvua. Nyumbu huvuka mito kwa kuifuata. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba ndizo zinazoamua mfugaji atacheka au atahama. Nyasi za savana zina rangi ya kahawia kwa sababu mvua huja na kuondoka, wala si kwa sababu haiji. Mchezo hauna majira, kwa hiyo ulilazimika kuchagua picha moja ya savana na kuigandisha, na ukachagua ya kiangazi. Anayelima huko hutegemea mfereji tu, kwani shamba linahitaji maji yaliyo ndani ya bloku 4, na miongoni mwa wanyama wanaompitia ni farasi, punda na kondoo, pamoja na lama kwenye savana ya uwanda wa juu. Simba hakuna. Tembo na twiga hawapo pia. Mpwa wangu alimjengea ng'ombe wake mlinzi wa theluji, yule sanamu anayetembea na kurusha madonge, akasahau kwamba viumbe hao huyeyuka kwenye bayomu za joto kali, na mlinzi hakudumu hata kufunga lango.

Pwani wamefanya vizuri zaidi. Bahari zimepangwa kwa madaraja matano yanayolingana na T, kuanzia iliyoganda hadi ya joto, na matumbawe huota katika ile ya joto pekee. Mikoko nayo, iliyoingizwa kwenye mchezo mwaka 2022, hupatikana upande wa joto wa mabwawa, huku upande wa baridi zaidi ukiachiwa bwawa la kawaida. Mtu aliyewahi kutoka Lamu kwa mashua, akapita kwenye mikoko na kisha juu ya matumbawe, atakubali kwamba hapo hawakukosea. Vyura walioingia mwaka huo huo wananifurahisha pia: rangi ya chura huamuliwa na joto la bayomu ambamo kiluwiluwi amekulia, wala si pale alipozaliwa, kama mtoto wa Siaya aliyelelewa Eastlands akaongea kama watu wa Eastlands.

Tulirudi kwenye suala la mlima wikendi ya nne. Kwa kuwa joto la ramani hubadilika polepole, lazima kuna mahali ambapo T ya 2 inapakana na T ya 3, na ikiwa mpaka huo unapita kwenye milima, basi upande mmoja utakuwa na theluji na mwingine mawe. Tulitafuta mpaka wa aina hiyo kwa muda wa saa tatu, stima ikapotea mara moja, tukaupata. Kwa kweli ulikuwa wa kupendeza: ukisimama kwenye savana ungeweza kuona, ng'ambo ya vilele vya kijivu, vilele vyeupe vilivyochongoka. Nilikuwa tayari kutangaza ushindi. Mpwa wangu alizunguka mlima mzima kwa farasi, akarudi na hukumu kwamba upande wa pili ni malisho ya kijani na misonobari, na kwamba huo ni mlima wa nchi ya baridi ambao umepakana na savana, haujazaliwa nayo.

Akaamua kufanya mwenyewe. Tangu toleo la 1.19.3 la Desemba 2022 kuna amri iitwayo fillbiome, ambayo humruhusu mchezaji kubadilisha bayomu ya eneo bila kugusa bloku zake, mradi eneo hilo lisizidi bloku 32,768 kwa amri moja. Tulirudi kwenye ule mlima wetu wa kwanza, uliotudanganya kwa kalsaiti. Akachora kilele kwenye karatasi, akakigawa vipande, na kwa muda wa alasiri nzima akaandika amri moja baada ya nyingine, akigeuza vilele vya mawe kuwa vilele vya barafu kuanzia Y 180 kwenda juu. Nilimsaidia kusoma nambari. Alipomaliza hakuna kilichobadilika kwa macho: mawe yalikuwa yaleyale ya kijivu, kwa sababu bayomu mpya haileti theluji yake yenyewe, lazima inyeshe kwanza.

Nilipendekeza tutumie amri ya kuita mvua. Alikataa, akasema Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, haiamrishwi. Kwa hiyo tulikaa kwenye savana, karibu na ng'ombe wasio na mlinzi, tukingoja huku mama yake akituita mara mbili kwenda kula. Baada ya kama dakika 40 anga ikafifia. Juu yetu mawingu yalijikusanya na hakuna kilichoanguka, kama ilivyo desturi ya savana ile, lakini kule juu, kwenye sehemu tuliyoichora kwa karatasi, chembe nyeupe zilianza kushuka, na bloku moja moja ikaanza kupata tandiko la theluji lenye unene wa moja ya nane ya bloku. Kingo zake zilikuwa na pembe kali mno kwa sababu mchezo huhifadhi bayomu kwa vipande vya bloku 4 kila upande. Mtoto alitazama kimya, kisha akazima F3 ili nambari zisimzuie kuona.